Utepe wa Zubeda

Mwaka ule wa ambargo, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, chumvi ilikuwa shida, petroli shida, lakini Bujumbura watu walifungua biashara kama vile vita ni ya wengine. Na kila ufunguzi ulimhitaji Zubeda, fundi cherehani wa Buyenzi, maana utepe mwekundu wa satini uliobaki mjini ulikuwa wake. Aliununua Kigoma kabla mipaka haijafungwa, kwa ajili ya kufungulia atelye yake mwenyewe ya ushonaji. Atelye ilikuwa bado kuta tu, basi akawa anauazima.

Kukatwa hakukumsumbua, angeshona. Taabu ilikuwa wakubwa: kila mmoja akishakata, hukata tena kando na kutia kipande mfukoni, ati ukumbusho. Kinu cha Buterere kikala kipande, na mahindi ya kusaga hayakuwepo. Famasi ya Mutanga Sud ikala chake. Ilikuwa na dawa ya minyoo na hotuba ndefu. Saluni ya Gihosha ilifunguliwa risasi zikilia mlimani, mkubwa akakata amelala kifudifudi. Kipande hakukisahau.

Atelye ilipokwisha, utepe haukufika hata nusu ya mlango. Mumewe Twalibu akashauri mlango upunguzwe. Zubeda akamwambia aanze kupunguza tumbo lake. Mwishowe akaufunga dirishani, ukaenea.

Shefu wa katia, yaani mkuu wa mtaa, Melchior, mnene wa mwili na mnene zaidi wa protokole, alikuja na kravati nyekundu shingoni. Akakata, akatia kipande mfukoni. Zubeda akamkaribisha mlangoni.

“Apana, Mama Houda,” Melchior akamwambia Zubeda taratibu. “Mukubwa anapita pale alikata. Ile mulango haiyafunguliwa.”

Akapanda dirisha. Kichwa kikaingia, tumbo likakataa. Wageni wakasukuma kwa nyuma, maana kuvre-fe, saa ya kutotoka nje, ilikaribia. Zubeda, aliyekwisha kuingia kwa mlango, akaishika kravati lakini hakuivuta.

“Shefu, kwanza kipande yangu.”

Kipande kikatoka, ndipo akamvuta. Sasa Melchior yuko ndani, mlango haujafunguliwa, na dirisha halitaki tena kumwona. Jua linashuka. Akamtazama Zubeda. Zubeda akaitazama kravati.

Akaiunga na vipande vya utepe kwa cherehani, akaifunga mlangoni kwa ndani. Melchior akakata, akatoka kwa heshima zote, shingo wazi.

Mkono wake ukarudi kutaka kukata ukumbusho. Lakini Zubeda alikuwa ameshauchukua mkasi.