Masizi kwenye Mashavu ya Mwanasesere

Harufu ya masizi ya chungu ikinipata puani, moyo unanidunda hata leo, na mimi ni bibi mzima mwenye vitukuu.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, kwetu karibu na Ushirombo. Baba alirudi kutoka Kahama na chumvi iliyofungwa kwa karatasi kubwa ya tangazo, mwenye duka kaibandua ukutani kwake. Ilikuwa na picha ya mwanasesere wa kuuzwa: mnene kama mtoto wa mtemi, mashavu mekundu, viatu miguuni. Mimi mwanangu alikuwa gunzi, nikilibeba mgongoni, nywele zake ndevu za mahindi. Siku ile nililitupa jaani. Picha nikaibandika kwa uji, juu ya kitanda cha mama.

Sasa sikilizeni. Mama alikuwa amezika watoto wawili. Huyu wa tatu, mdogo wangu, tulimwita Jalala, ili kifo kimwone takataka kimpite. Hatukumsifu hata kidogo. Akicheka tunamwambia, "Lione, baya hilo."

Jioni ile ile Jalala akashikwa na homa. Mwili unachoma kama jiko, macho kayakaza kwenye picha. Bibi mzaa baba akaingia, akaitazama.

"Nani kaleta mtoto mzuri humu?"

Nikasogea nyuma ya mama.

"Wetu tunamficha, wewe unakikaribisha kifo kwa picha?"

Mama alinigeukia. Nikajua Jalala akifa, nimemuua mimi. Nikanyoosha mkono niichane ile karatasi.

"Iache," bibi akasema. Akanisukumia chungu cha ugali. "Kwangua masizi. Mpake mdogo wako. Na huyo wa dukani mpake."

Nikapaka nyuso zote mbili mpaka zikawa nyeusi tii.

"Haya," bibi akasema. "Wabaya wawili. Kije kichague."

Tukakaa. Ugali ulipoa, hakuna aliyeugusa. Mama akamkanda Jalala kwa maji, akamkanda tena. Jogoo walipowika, Jalala akatokwa jasho, akataka nyonyo.

Nilipozaa wangu ndipo nikaelewa kwa nini bibi alinipa mimi kile chungu. Jalala angekufa, ningebaki na mikono iliyojaribu.

Sasa Jalala ni mzee, kipara kinang'aa, ng'ombe wamejaa zizini. Akija anainama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baya wewe. Ingia."