Suti Yangu ya Kwendea Posa

Chekeni hadi mchoke, lakini suti ninayo! Hapa Nchelenge wenye suti tuko wawili tu, karani wa boma na mimi. Mchuuzi aliyevuka ziwa kutoka Kongo aliniuzia koti jeusi la mistari. Suruali yake ilishapata mtu. Jumapili nikalivaa na kaptula yangu ya kuvulia samaki, nikaenda kumposa Monika. Sikutuma mshenga. Mwenye suti hujipeleka mwenyewe!

"Suruali iko kwa fundi, Tata," nikamwambia baba yake.

Mara akaingia mposaji mwingine, mvuvi wa Mununga, juu fulana, chini suruali nyeusi ya mistari.

"Koti iko kwa fundi, Tata."

Mzee akatusimamisha bega kwa bega.

"Suti naiona," akasema. "Sasa mwanaume eko wapi?"