Mishale Mitatu Kwenye Wavu wa Omena

Mjukuu wangu aliniambia kwamba tatu na nne ni tano. Nilikuwa napara magamba ya samaki, ngege wa ziwani, kisu mkononi. Nikamwangalia.

"Rudia."

"Dani, mtu akivuta kitu kwa nguvu ya tatu kwenda mashariki, na mwingine akikivuta kwa nguvu ya nne kwenda kaskazini, kile kitu kinavutwa kwa nguvu ya tano."

Dani ndiye bibi kwa Kijaluo chetu. Shule niliachia njiani, lakini nimeuza samaki mpaka soko la Sondu, na huko tatu na nne hazijawahi kuwa tano.

"Na hizo mbili nani amekula?"

Hakucheka. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa amewapa walioanguka mtihani nafasi moja ya mwisho, Jumatatu. Asiyeweza swali la chaji za umeme angetolewa darasa hilo. Na huyu msichana, tangu akiwa mdogo, anataka kuwa injinia wa umeme. Ile tatu na nne alikuwa ameikariri tu. Likija swali lingine, anarudi kujumlisha kama anayehesabu ndizi.

"Chaji ni mdudu gani?" nikamuuliza.

Akachukua rula ya plastiki, akaisugua kwenye nywele zake mpaka nikamwambia ataota upara. Kisha akaishika juu ya magamba madogo yaliyokauka kando ya beseni. Magamba yakasimama. Mengine yakaruka, yakanata kwenye rula. Hakuna aliyeyagusa. Nimepara samaki maisha yangu yote, na gamba likishatoka kwa kisu changu najua limemaliza kazi yake. Siku hiyo niliweka kisu chini. Nikamwambia arudie, na yakaruka tena. Ndani ya takataka yangu mwenyewe kulikuwa na kitu kinachoitika kikiitwa.

"Kila kitu kina chaji ndani," akasema. "Zinazofanana zinasukumana, zilizo tofauti zinavutana. Hata ndani yako, Dani."

"Mimi ananishika Mungu."

"Basi anatumia hizo hizo."

Swali lililomshinda akalipanga sakafuni kwa vifuniko vya soda. Vitatu kwenye pembe za pembetatu ya pande sawa, kimoja katikati. Vyote vitatu vinakivuta kile cha katikati kwa nguvu sawa. "Mwalimu anasema jibu ni sifuri. Sifuri vipi, na vyote vinavuta?"

Jumamosi mchana mvua ikaja ghafla kutoka ziwani, na omena, wale dagaa wadogo, zimeanikwa juu ya wavu. Kwetu ufuoni mvua ikija, wavu unavutwa mpaka kibanda kilicho karibu, haijalishi ni cha nani. Siku zote cha karibu kilikuwa changu. Lakini jirani yangu alikuwa ametoka tu kujenga kipya, karibu vilevile.

"Mama, leta huku! Mabati yangu hayavuji!"

"Na yangu yalianza kuvuja lini?"

Akavuta kwake, nikavuta kwangu. Mjukuu naye akavuta upande wa tatu, mbali na maji, kama nilivyomfundisha. Wavu ukakaza kama ngozi ya ngoma. Mikono ilituuma, lakini haukusogea.

"Vuteni!"

"Tunavuta!" jirani akajibu. "Wewe ndiye umezeeka!"

Msichana akaachia. Wavu ukaruka kuja kati yangu na jirani, nami nikakaa chini pu, omena kichwani.

"Dani! Nikiachia unaenda kinyume na mimi! Nyinyi wawili kwa pamoja mlikuwa mnazuia nguvu yangu mimi peke yangu!"

"Okota samaki!"

Aliokota huku akiongea peke yake. Tulipoingia ndani, nguo zake bado zikitiririka maji, akachora mishale mitatu kwa chaki, mmoja kwa kila aliyevuta, kila mmoja ukianzia pale mwenzake ulipoishia. Ncha ya wa tatu ikarudi pale pale wa kwanza ulipoanzia. Niliona kwa macho yangu. Nilidhani sifuri ni kukosa, kama beseni tupu. Kumbe kitu kinaweza kutulia kabisa huku kinavutwa kila upande kwa nguvu zote. Nikaangalia meza, nikaangalia ukuta, nikajiuliza ni vingapi vimetulia namna hiyo, na mimi nikidhani vimekaa tu.

Jumatatu jioni alirudi, akaweka begi, akanywa maji kwanza. Sikumuuliza. Mtu mzima hakimbilii habari.

"Mwalimu alinipa chaji nne," akasema, "kwenye pembe za mraba, na ya tano katikati. Nyingine chanya, nyingine hasi."

"Ikawa sifuri."

"Haikuwa sifuri. Wenzangu wengi wameandika sifuri. Mimi nilichora mishale yote kwanza, nikaifuata mpaka mwisho."

"Na mwalimu?"

"Nimebaki darasani, Dani."

"Hiyo ya katikati ikaenda wapi sasa?"

Akainua mkono, akaelekeza mlangoni, kule ziwani. Nikasimama nikaangalia huko, na nikaendelea kuangalia mpaka akaniuliza kama kuna mtu anakuja.