Cheche Iliyoingia Ndani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Fébronie Nduwimana anaonyesha mlangoni ujumbe wa simu unaosema hana korona. Ni Agosti 2021. Wakazi wa Fairfield, magharibi mwa Sydney, wanaotoka kwenda kufanya kazi nje ya eneo lao wanapimwa kila baada ya siku tatu, naye kazi yake iko Parramatta.

Anavua koti, anaketi kwenye meza ya tatu, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote anapima dayodi.

Ni kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mweupe upande mmoja. Kimelehemiwa kati ya waya mbili za kupimia, mstari ukielekea kwenye chanya. Kisipokuwapo, Fébronie hawashi umeme.

Karakana hii hutengeneza viti vya magurudumu vya umeme. Kila kiti kina breki inayoachia pale koili yake, msokoto wa waya, inapopata umeme. Fundi huipa koili volti ishirini na nne kutoka pawa saplai, mashine ya mezani ya kutolea umeme, huisikiliza ikilia tak, kisha huzima. Kwa siku Fébronie hupima koili arobaini.

"Koili ina kinyongo," anasema mama huyu wa miaka arobaini na mmoja. "Ukiikatia umeme ghafla inarudisha teke. Zile volti ishirini na nne zinageuka mamia." Dayodi hulipatia teke hilo njia ya kuzunguka na kuishia hapo hapo, lisifike kwenye mashine.

Teke lenyewe alilijua tangu kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alikoishi miaka kumi na minane baada ya kukimbia Burundi. Huko alitengeneza redio na kujaribu koili kwa betri ya gari. Alichomoa waya kwa mkono, cheche ikaruka vidoleni, watoto wakacheka. Betri haikudhurika.

Parramatta hakuchomoa waya. Alibonyeza kitufe, na hakuna cheche iliyoonekana.

"Nikafurahi. Nikadhani mashine za huku hazina cheche. Kumbe inaingia ndani."

Jumatatu moja ya Julai, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, kioo cha pawa saplai yake kilizimika na harufu ya kuungua ikapanda. Fébronie aliinuka, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, Symphorien, fundi wa miaka sitini na mmoja kutoka Bukavu, alikuwa ameketi mahali pake, bisibisi mkononi, akijaribu kuiokoa.

Hivyo ndivyo msimamizi wa zamu, Mkenya aitwaye Chepkoech, alivyomkuta. Ripoti ikaandikwa kwamba Symphorien ameharibu mashine. Alikuwa kibarua wa kuitwa, mwenye zamu nne kwa wiki. Zikawa sifuri.

Fébronie alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

"Barakoa ilinisaidia," anasema, na sauti inashuka. "Hakuna aliyeuona uso wangu."

Makanisa yalikuwa yamefungwa, ibada ya kanisa lao wawili ikifanyika kwenye simu. Jumapili iliyofuata Symphorien aliombea wote wenye kazi, akimtaja dada Fébronie kwa jina. Fébronie alizima kamera.

Wiki tatu baadaye mashine ya pili ilikufa mikononi mwake, kwa harufu ile ile. Safari hii hapakuwa na mwingine wa kukaa kwenye kiti. Aliifungua, akaona palipoungua, akaelewa. Jioni hiyo akampigia Symphorien.

Mzee alimwacha amalize. "Minajua ni weye, dada," akasema. "Siku ile kiti ilikuwa ingali moto. Nilikuwa nangoja tu useme."

"Angenitukana, ningelala," anasema Fébronie.

Kesho yake alimweleza Chepkoech yote, kisha akachomoa waya za meza zote tano. Alisema hazirudi mpaka kila meza iwe na dayodi na jina la Symphorien litoke kwenye ripoti. Kazi ilisimama kutwa nzima. Viti ishirini na viwili havikuondoka.

Dayodi zilipatikana alasiri, naye akazilehemu zote mwenyewe. Jina bado limo. Badala yake wakubwa wamemletea karatasi: aandike barua ya kuomba radhi kwa kusimamisha kazi, la sivyo naye hataitwa tena.

Chepkoech, aliyeileta, hapendi kuisimamia. "Mama Diane, andika tu sori tuendelee," alimsihi, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Hapa watu husema sori hata wakikanyagwa wao."

Fébronie anajua kuna watu ishirini na wawili waliokaa kitandani siku moja zaidi wakingoja viti, na hilo halichukulii kirahisi. Lakini anachotaka ni Symphorien arudi kwenye meza ya nne, ambayo hadi sasa haina mtu. Karatasi imelala chini ya mita yake ya kupimia umeme. Ameandika tarehe, na chini yake sentensi moja: mashine zote mbili nilizichoma mimi.

Anaipa koili umeme. Tak. Anazima.

"Wa kuombwa radhi ni yule mzee. Nilimwomba, na mpaka leo nikisikia sauti yake naona haya," anasema. "Kwa siku ile niliyozima meza, siombi radhi."