Anatangaza vita stendi, mama mkwe yuko mpakani

Saa tatu asubuhi, karibu na stendi ya Mpanda, Maximilian Lyamba anabana magazeti kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Anayakunja ili kionekane kichwa cha habari tu. Anayetaka undani, anunue.

"Burundi na Rwanda, vita yanukia!" anaita.

Wasomaji wa bure wamejaa. Zablon, dereva wa bodaboda kutoka Kakese, anacheka. "Maxi, hili la pembeni linasema wamepeana mikono. Walikutana wapi hao, ulingoni?"

"Nunua yote mawili, ukawaamue."

Kikao cha mawaziri wa nchi hizo mbili ni kimoja, picha ni moja. Gazeti la kwanza limeikata likabakiza nyuso zilizokunjamana. La pili limebakiza mikono.

Maximilian, 46, anaishi kwa kazi hii. Likiandikwa neno vita, mzigo unakwisha kabla ya adhuhuri. Amani humbakizia nusu, akawapa wauza maandazi wafungie.

Lakini vita hii imemfuata nyumbani. Mkewe, Joséline, alizaliwa Katumba kwa wazazi waliokimbia Burundi. Mama yake, Goreth, alisharudi kwao Kirundo, jirani na mpaka wa Rwanda. Sasa anaumwa, hali chakula, anamwita bintiye. Joséline alikuwa amefunga begi. Kaka zake waliposikia shemeji yao anavyotangaza stendi, wakamkataza kusafiri.

"Wananiambia, 'Si mumeo mwenyewe kasema?'" anaeleza Joséline, aliyeleta chai. Anamgeukia mumewe. "Baba Dina, wewe unaamini lipi?"

Maximilian anatazama kamba. "Mama Dina, mimi nauza tu."

"Mama yangu hauzwi."



Maximilian anachomoa magazeti yote mawili, anayasoma mpaka mwisho. Hakuna lililoandika kama barabara ya Kirundo inapitika. Hakuna lililomuuliza mtu anayelala kule. Wahariri walioketi mbali wamechagua, huyu hasira, yule kupeana mikono, na mgonjwa wa mpakani hakuingia kwenye hesabu ya yeyote.

Simu ya Goreth haipatikani tangu juzi.

Joséline anasema kesho anapanda basi la Kigoma, kaka zake wapende wasipende. Mumewe atabaki na watoto, na meza.

"Sitaita tena kichwa ambacho sijasoma habari yake," anasema Maximilian, sauti ikiwa chini. "Na mpaka mama watoto arudi, naomba magazeti yanidodee yote."