Kamba ya Chokaa ya Baridi FC

Watu wa Molo wakimtaja Jamleck Mathenge huanzia mwisho: nyumba za kupangisha kule Nakuru, malori matatu, na cheo cha mkurugenzi wa Baridi FC, timu yetu ya mpira. Wakianza hivyo, Kipngetich hukohoa. Yeye anaujua mwanzo, na mwanzo ndio unaomuuma.

Walisukuma mkokoteni mmoja wa viazi, hawa wawili. Mwaka ule viazi vilipojaa sokoni hadi vikakosa wa kuvitazama, Kipngetich aliuza vyake haraka akanunua viatu vya mpira, vyekundu, vya kung'aa. Mathenge alitandaza vyake kwenye stoo ya kukodi, akavingoja vichipue. Msimu wa kupanda ulipofika, kila mkulima alibisha mlango wake akitaka mbegu. Viatu vyekundu vilikuwa vimeshatoboka.

Ndipo likaja lori, kisha ploti, kisha ploti nyingine. Na timu ilipofika mahali pa kukosa hata mpira wa mazoezi, Mathenge akaingia kama mwekezaji, akajenga jukwaa.

"Leo tena umeamka na Mathenge mdomoni," Jepkemei humwambia mumewe, Kipngetich. "Kunywa chai kwanza, utamtafuna baadaye."

Kitu kimoja tu Kipngetich alikuwa nacho ambacho mwenzake hakuwa nacho: mistari. Kila Jumamosi ndiye aliyechora uwanja kwa kamba na chokaa, na wachezaji walimwita Injinia. Alipopita na ndoo yake, hata mkurugenzi aliruka asikanyage.

Sasa Jumamosi ya kufungua jukwaa, akalikuta jina la Mathenge limeandikwa juu yake, herufi kubwa kama milango. Akaweka ndoo chini.

"Boss achore mwenyewe," alimwambia Cheruto, katibu wa timu. "Si uwanja ni wake?"

Alitaka wageni wakute nyasi tupu. Alitaka, mara moja tu maishani, Mathenge aonekane amekosa kitu.

Ujumbe ukamfikia Mathenge. Alivua koti, akakunja suruali, akabeba ndoo. "Cheruto, nishikie kamba upande ule. Hii kazi si ya mtu mmoja."

Kando ya uwanja, Kipngetich alikuwa akitazama. Viazi, sawa. Malori, sawa. Lakini hiyo kamba! Cheruto aliinama kuiokota, na kabla vidole vyake havijaigusa, mzee mzima alikuwa ameshakata nusu ya uwanja mbio.

"Wacha! Wacha hiyo, utaipinda!"

"Nilidhani umeacha kazi, Injinia," Cheruto akacheka.

"Nani amekwambia?"

Akaizungusha kiganjani, akavuta. Upande wa pili Mathenge alichuchumaa, chokaa hadi kwenye nyusi, akimwaga taratibu. Mstari ukatoka umenyooka, na hilo nalo likamchoma Kipngetich: kumbe hata hii anaiweza.

"Umelegeza!" Mathenge akaita.

"Sijalegeza! Wewe ndiye unamwaga kama unakoroga uji. Lete hiyo ndoo hapa."

Mathenge akaileta. Kipngetich akaipokea kwa mikono miwili, akamwekea mkurugenzi ncha ya kamba kiganjani.

"Shika. Na usisogee mpaka nikwambie."

Wageni walikuwa wameanza kuingia. Mkurugenzi wa Baridi FC akasimama pale kwenye kona, soksi zimejaa chokaa, akashika kamba. Injinia hakuwa na haraka yoyote.