Zamu ya Ndunge

Nilipokuwa mtoto, kwetu vilima vya Kilungu majina ya watoto yalikwenda kwa zamu, na kila mtu mzima aliijua yake. Binti wa kwanza alipewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, wa tatu la dada wa baba. Mimi nilikuwa wa kwanza, nikaitwa Mbithe kama Susu, nyanya yangu mzaa baba. Ndiyo maana baba aliniita "mama" hata alipokuwa akinichapa. Mdogo wangu alipewa jina la nyanya wa Kitui, naye kila Desemba aliletewa jogoo wake peke yake, sisi wengine tukatazama. Kuwa na wajina, mtu mnayeitwa naye jina moja, halikuwa jambo dogo.

Kisha mama akazaa binti wa tatu, na zamu ikamfikia shangazi Ndunge.

Ndunge alikuwa dada pekee wa baba. Aliwahi kuolewa Matiliku, akarudishwa na mumewe pamoja na sanduku lake kwa sababu alikuwa ameruka akili. Kuna miezi alikaa vizuri kabisa, akalima, akasuka viondo, vile vikapu vyetu vya uzi, kuliko mwanamke yeyote kijijini. Kuna miezi mingine hakulala, akabishana na watu ambao sisi hatukuwaona, na watoto wa jirani wakamfuata njiani wakiimba ujinga wao. Nami niliwahi kuimba nao mara moja, nikiwa nyuma kabisa ili asinione. Aliniona.

Mwaka ule alikuwa mzima. Tangu tumbo la mama lilipoanza kuonekana alikuwa akiuliza, huyu ni msichana ama ni nani, na alipozaliwa msichana alicheka mpaka akaketi chini.

Kwetu mtoto alipewa jina siku ya tatu, wanawake wakiwa wamekusanyika. Asubuhi ya siku hiyo Susu aliniita nyuma ya jikoni, akanipa mtungi.

"Enda kisimani na anti yako," akasema. "Msirudi haraka. Mkipata mapera, chumeni."

"Na jina?"

"Jina tutapeana sisi."

Nikamwambia anti atakasirika. Susu akanishika bega.

"Mbithe, jina huwa linakuja na mwenyewe. Si unaona vile unatembea kama mimi? Ndunge nilimzaa mara moja. Sina nguvu ya kumzaa tena."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nayakumbuka, kwa sababu kwa miaka mingi nilitaka kumchukia na macho hayo yakanikataza.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Susu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alihakikisha binti yake hayupo.

Ndunge alikuwa ameoga na kuvaa gauni lake la kanisani, kwenda kuteka maji; aliamini hawatataja jina kabla hajarudi. Njiani alitoa kiondo kidogo chini ya leso, kidogo hata ngumi yangu haikuingia, cha uzi mwekundu na wa kahawia.

"Hiki ni cha wajina wangu," akasema. "Akifika miaka sita nitamfundisha kusuka. Wewe ulinishinda, mikono yako ni ya kushika jembe." Kisha akakirudisha chini ya leso. "Zamu ni yangu, si ndiyo?"

"Ndiyo, anti."

Nilikuwa na miaka tisa. Najua husemwa kwamba mtoto hana kosa, na mimi kama mwalimu huwaambia wazazi hivyo hivyo. Lakini nilijua ninachofanya. Kilikuwa kiangazi na kisima kilitoa maji kidogo kidogo, tukachota kata kwa kata, na bado sikutosheka. Nilichuma mapera moja moja, nikasema haya ni mabichi, twende mti ule. Alinifuata kutoka mti hadi mti akinisimulia atakavyombeba huyo mtoto mgongoni mpaka sokoni, watu wamwone. Nami nikaendelea kuchuma.

Tuliporudi wanawake walikuwa wakinywa chai. Ndunge akatua mtungi, akanawa mikono, akaingia kwa mama.

"Nipeni mtu wangu," akasema.

Mama akampa mtoto bila kumtazama. Wanawake wakainamia vikombe vyao. Mwishowe jirani mmoja akasema mtoto ni mzuri, ameitwa Mumbua.

"Mumbua ni nani?" Ndunge akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Katika ukoo wetu hapakuwa na Mumbua, aliye hai wala aliyekufa. Ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na Susu akasema hivyo, kwamba ilinyesha.

"Ilinyesha lini?"

Katika chumba kile chenye wanawake zaidi ya kumi, aliyekuwa akisema maneno ya akili ni yule waliyemwita mwendawazimu. Alimrudisha mtoto polepole, akimshika shingo vizuri. Kisha akanitazama mimi na sketi yangu iliyojaa mapera, akaelewa. Hakunikemea, na hadi leo natamani angenikemea.

Jioni alikaa mlangoni pake akakifumua kile kiondo uzi kwa uzi, akauviringa ule uzi utumike kwa kazi nyingine. Alikufa kwa homa ya mapafu nikiwa sekondari. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeachwa na jina lake, na kwetu mtu wa namna hiyo ndiye aliyekufa kabisa.

Mumbua alikua mwepesi wa masomo na wa kucheka. Alipofika kidato cha tatu aliacha kulala. Alisema walimu wanamsema kwenye redio. Yeyote aliyemjua Ndunge angeona mara moja, lakini sisi hatukuona, kwa sababu tuliamini mlango ule tulishaufunga siku ya tatu. "Hii haiwezi kuwa ile," baba alisema. "Huyu si Ndunge." Tukasema ni mitihani, tukasema ni kijicho cha wenzake, kanisa likafunga na kuomba. Ilipita miaka miwili kabla hatujampeleka hospitali. Daktari alituuliza kwa nini tumechelewa hivyo, na baba, mtu mzima, akatazama viatu vyake. Susu alikuwa bado hai. Aliuliza mara moja tu, "Kwani hakuitwa Mumbua?" Hakuuliza tena.

Siku hizi ninafundisha watoto wenye ulemavu, na wakati wa likizo nawasaidia watafiti wanaozunguka Kitui na Makueni wakiuliza watu wanavyowachukulia wagonjwa wa akili. Ungekula naye? Ungefanya kazi naye? Watu hujibu haraka, ndiyo, ndiyo, sisi ni Wakristo. Niliwaomba watafiti waongeze swali moja: ungempa mtoto wako jina lake? Hapo watu hunyamaza. Karibu na Kambu mama mmoja muuza vitunguu alinitazama, akaniuliza, "Na wewe mwalimu, ungepeana?" Nikaandika kwenye fomu kwamba hakuwa na jibu.

Asiyekuwa na jibu nilikuwa mimi. Nina mabinti watatu. Mume wangu hana dada, na yule mdogo wangu mwingine alimwachia Mumbua nafasi yake, kwa hiyo zamu ya tatu ilikuwa ya Mumbua. Hakuna aliyenizuia. Susu alishakufa, na mume wangu alisema nichague mwenyewe. Nimesimama mbele ya walimu wenzangu mara nyingi nikiwaeleza kwamba ugonjwa wa akili haupiti kwenye jina, na naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini mganga hajigangi. Muuguzi aliponiuliza aandike jina gani, nilitaja jina zuri la kanisani ambalo si la mtu yeyote wa kwetu.

Mumbua alikuja kutuona siku ya tatu. Dawa humtetemesha mikono kidogo, kwa hiyo alikaa kwanza, akaweka mto mapajani, ndipo akaomba apewe mtoto. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujitetea. Hakuniuliza jina, alikuwa ameshaambiwa. Alimtazama mtoto, akasema bila kuinua macho:

"Ulifanya vizuri. Hata mimi singempea."

Alisema kwa upole, asitake nione vibaya. Nikaenda jikoni kumtengenezea chai, nikalia huku maji yakichemka.

Shangazi yangu alikufa akijua kwamba zamu ilikuwa yake. Dada yangu yuko hai na anaamini kwamba hana zamu, na aliyemthibitishia hilo ni mimi.